Viputo Vinavyonyanyua Maji: Chujio la Tangi la Diskasi

Msomaji mmoja anataka kufuga diskasi katika tangi la lita 300 na ameuliza anunue pampu yenye nguvu kiasi gani. Dukani ameambiwa kwamba kadiri pampu inavyokuwa kali ndivyo maji yanavyokuwa safi. Ushauri huo unawafaa samaki wa maji yaendayo kasi. Diskasi si wa huko.

Samaki huyu ni jamaa wa perege na sato wetu, wote wa familia ya Cichlidae, ila kwao ni bonde la mto Amazon. Karibu na mji wa Manaus mto hupanda na kushuka takriban mita 10 kila mwaka. Maji hutapakaa msituni yakatulia baina ya mizizi na matawi, na humo ndimo diskasi hujificha. Mwili wake bapa, mrefu kwa kimo, humwezesha kupenya palipo finyu. Lakini mkondo mkali ukimpiga ubavuni humsukuma mwili mzima, naye hushinda akishindana na maji badala ya kula.

Kusafisha maji ni lazima hata hivyo. Samaki hutoa amonia, bakteria wa kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, nayo nitrati tunaiondoa kwa kubadilisha maji. Lisilosemwa sana ni kwamba bakteria hao hutumia oksijeni ileile anayoihitaji samaki, na diskasi hufugwa katika nyuzijoto 28 hadi 30. Maji ya nyuzi 20 huweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 huishia kama 7.5. Tunataka basi maji yazunguke usiku na mchana, yafike juu kukutana na hewa, na yasimsumbue samaki. Chujio la sponji hutimiza yote matatu, na namna linavyofanya hivyo hunifurahisha kila ninapolitazama.

Umbo lake ni sponji iliyokaa chini ya tangi, bomba la plastiki lililosimama katikati yake, na mpira mwembamba unaoleta hewa kutoka pampu ndogo iliyo nje. Hewa hutokea chini ya bomba, viputo hupanda, na maji hupanda navyo. Wengi hudhani viputo ndivyo vinavyoyaburuta maji. Kazi kubwa hufanywa na uzito.

Fikiria mizani ya sahani mbili. Sahani moja ni maji yaliyo ndani ya bomba. Ya pili ni maji ya nje yenye kimo kilekile. Hewa isipoingia, sahani zimelingana na hakuna kinachokwenda. Ingiza viputo bombani: hewa inashika nafasi ya maji, sahani ya ndani inakuwa nyepesi, ya nje inashuka na kuipandisha. Tuseme bomba lina sentimita 30 na hewa imeshika sehemu 1 kati ya 10. Ndani umebaki uzito wa sentimita 27 za maji, nje ni 30, na tofauti hiyo ya 3 ndiyo inayosukuma. Mizani ya dukani ingeinama mara moja ikasimama. Hii haisimami, kwa kuwa maji mepesi yakifika juu viputo hupasuka, maji hurudia uzito wake, huhamia sahani nzito, hushuka, hupenya sponji na kupakiwa upya kwenye sahani nyepesi. Huu ndio mnyanyuo wa hewa: ndani ya maji hamna mota wala panga linalozunguka.

Ukubwa wa kiputo nao una maana. Kiputo kikubwa hukimbilia juu upesi. Vidogo hupanda polepole, hivyo kwa hewa ileile hukaa vingi zaidi bombani kwa wakati mmoja, na maji ya ndani huzidi kuwa mepesi. Weka basi jiwe la hewa chini ya bomba. Hata kelele zitapungua.

Maji huingia kupitia uso mzima wa sponji, kwa hiyo popote utakapogusa mvuto ni mdogo. Kwa diskasi jambo hili ni la uhai, maana vifaranga wake, katika majuma yao ya mwanzo, hula ute wa ngozi ya baba na mama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba protini na kingamwili huongezeka katika ute huo wakati wa kuzaa. Kifaranga akisombwa mbali na ubavu wa mzazi amekosa chakula, na pampu kali yaweza kumfyonza kabisa.

Kwa lita 300, weka sponji mbili kubwa na uzioshe kwa zamu, ukitumia maji ya tangi lenyewe kwa sababu klorini ya bombani huua bakteria. Sponji mpya huhitaji majuma kadhaa kabla ya kupokea samaki. Kisha, kabla hujafikiria pampu kubwa zaidi, refusha bomba hadi karibu na uso wa maji. Hewa ikishika sehemu ileile 1 kati ya 10, bomba la sentimita 40 linakupa tofauti ya 4 badala ya 3, na nyongeza hiyo imegharimu kipande cha plastiki tu.