Barafu ya Mlima Kenya na mkulima wa Kapsoit

MKULIMA wa majani chai wa Kapsoit, Kericho, hupata mvua kwa hisani ya Ziwa Victoria na msitu wa Mau, si Mlima Kenya. Hata hivyo, barafu inayotoweka mlimani humo inamhusu.

Mwaka 1899, Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian, mlima ulikuwa na mito 18 ya barafu. Mingi imetoweka. Ule mkubwa, Lewis, ulipoteza asilimia 90 ya barafu yake kati ya 1934 na 2010, ukakatika vipande viwili.

Joto si sababu pekee. Theluji mpya, kwa weupe wake, hurudisha miale ya jua. Ikiadimika, barafu kuukuu yenye vumbi hufyonza joto na kuyeyuka. Majira yakivurugika, mlima hupoteza barafu, na kikapu cha mchumaji huwa chepesi.