Kufanana si ushahidi: chimbuko la Ziwa Tanganyika na la ulimwengu

Mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Katubuka, Kigoma, husoma mada ya mageuko ya viumbe asubuhi, na jioni yuko madrasa au kwenye mafundisho ya kipaimara. Swali lake halibadiliki: nishike lipi? Mimi nimesomea miamba, wala sina ruhusa ya kutoa fatwa. Lakini tuna ziwa hapa chini yetu lenye habari ndefu kuhusu swali hilo, kwa hiyo nitaanzia ziwani kabla ya kupanda mbinguni.

Mwaka 1876, Henry Morton Stanley alipokuja Ujiji kwa mara ya pili, aliandika hadithi aliyosimuliwa na Wajiji. Hapo kale palikuwa na tambarare pana yenye watu na mifugo tele. Mtu na mkewe walikuwa na kisima kirefu kilichowapa samaki, nacho kilikuwa siri yao chini ya ulinzi wa mzimu. Mume akasafiri. Mke akamwonyesha hawara yake kile kisima, hawara akanyoosha mkono akamgusa samaki. Ardhi ikapasuka, tambarare ikadidimia na kuzidi kudidimia, maji ya kisima yakafurika yakalijaza lile shimo. Ndilo Tanganyika.

Mwanajiolojia akiisikia hadithi hii kwa mara ya kwanza hushtuka. Ardhi kupasuka na kudidimia ndiyo asili yenyewe ya ziwa. Tuko kwenye tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambako ganda la dunia linavutwa pande mbili na kipande cha kati kinashuka. Kina kirefu kabisa cha ziwa kinakaribia mita 1,470, yaani sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari kwa takriban mita 700, na chini ya sakafu hiyo kuna tope lenye unene wa kilomita kadhaa.

Basi wazee wa Ujiji walijua jiolojia? Hapana. Walijua matetemeko, kwa kuwa nchi hii hutikisika, na walijua kwamba kamba zao hazikugusa chini. Walichosimulia ni habari ya siri na usaliti. Anayesema hadithi yao ilitangulia sayansi amechagua pale panapofanana, akafumba macho kwa kisima, kwa samaki, na kwa kudidimia kwa siku moja, jambo ambalo kwa kweli lilichukua mamilioni ya miaka. Hata hivyo nawapa haki yao: hawakudhani kwamba ziwa lilikuwapo tangu awali. Waliuliza lilitoka wapi.

Wasomi wa Ulaya nao walinaswa na mtego wa kufanana, tena vibaya zaidi. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona yavuyavu humu ziwani, mnyama ambaye watu wa pwani wanamjua kuwa wa baharini. Konokono wetu nao walishangaza: makombe mazito, yenye nundu na mifuo, kama yale yanayookotwa ufukweni Bagamoyo. Mwingereza J. E. S. Moore alikuja mara mbili, mwaka 1896 na tena 1899 hadi 1900, akayalinganisha makombe hayo na visukuku vya bahari za kale za Ulaya, vya enzi ya Jurasiki. Akahitimisha kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari iliyowahi kufika katikati ya Afrika, akaitolea kitabu mwaka 1903.

Nadharia ilikuwa tamu, ila miamba iliikataa. Kama bahari ilifika, iko wapi miamba yake kandokando ya ziwa? Haikupatikana. Maelezo ya makombe yalikuja baadaye sana, nayo yanahusu kaa. Ziwa lina kaa wake wa pekee wenye magando ya kuvunjia konokono. Konokono mwenye kombe jembamba huliwa kabla hajazaa. Mwenye kombe nene hubaki na kurithisha unene huo. Vita hiyohiyo iliendelea baharini, ikazaa sura ileile. Konokono wa Tanganyika hakutoka baharini. Alifika kwenye umbo hilo kwa njia yake.

Sasa tazama ushahidi halisi unavyokuwa. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha makadirio ya umri wa ziwa. Mawimbi ya sauti yanayorushwa kutoka melini hupenya tope na kurudi, yakionyesha unene wake. Kaboni yenye mionzi iliyomo kwenye matabaka ya juu inaonyesha tope hujilundika kwa kasi gani. Unene ukigawanywa kwa kasi, unapata muda: miaka milioni 9 hadi 12 kwa bonde la kati, na pungufu ya hapo kwa kaskazini na kusini. Dhana ya kasi kutobadilika sana inaweza kupingwa, na inapingwa. Lakini mwaka 2021 uchunguzi wa vinasaba vya samaki wa jamii ya kuhe, wenye aina kama 240 ambazo karibu zote hazipo popote pengine duniani, ulionyesha kwamba walianza kutawanyika humu ziwani miaka inayokaribia milioni 10 iliyopita. Njia mbili zisizojuana zimekutana karibu mahali pamoja. Hilo ni jambo jingine kabisa na kufanana sura.

Tupande sasa. Ulimwengu unapimwa kuwa na umri wa miaka bilioni 13.8, na dunia bilioni 4.5. Katika mihadhara mingi utasikia kwamba Mlipuko Mkuu, yaani nadharia ya mwanzo wa ulimwengu, umo katika Kurani, aya ya 30 ya sura ya Al-Anbiyaa, inayozungumzia kutenganishwa kwa mbingu na ardhi. Msikilizaji afahamu kwamba Tabari, mfasiri mkubwa aliyefariki mwaka 923, aliona maana iliyo bora ni mbingu kufunguka kwa mvua na ardhi kwa mimea. Aya haikubadilika, kilichobadilika ni nadharia tuliyo nayo mkononi.

Wakatoliki nao wana kisa chao. Aliyependekeza ulimwengu unaotanuka, mwaka 1927, na kisha mwanzo wake katika kitu kidogo mno, mwaka 1931, alikuwa padri, Georges Lemaître wa Ubelgiji. Mwaka 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba iliyokaribia kuifanya nadharia hiyo kuwa shahidi wa uumbaji. Lemaître hakufurahi. Alishauri jambo hilo lisirudiwe, na Papa hakulirudia tena kwa namna ile. Padri yule aliamini uumbaji na aliiamini hesabu yake, ila alikataa kuifanya hesabu iwe nguzo ya imani, maana hesabu inaweza kusahihishwa kesho.

Penye moto kweli ni asili ya binadamu. Gombe iko kaskazini mwetu, mwendo mfupi wa boti, na tangu Jane Goodall aanze kazi huko mwaka 1960 watu huuliza kama sokwe ni babu yetu. Sayansi haisemi hivyo. Inasema tuna mzazi mmoja wa mbali, wa miaka milioni 6 au 7 nyuma, wakati ambapo bonde la kati la ziwa hili tayari lilikuwa na maji. Kanisa Katoliki tangu 1950 linaruhusu asili ya mwili kuchunguzwa kwa njia ya mageuko, huku roho ikishikiliwa kuwa kazi ya Mungu moja kwa moja. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanamtenga Nabii Adamu na mjadala huo. Hapo mgongano upo, na sioni faida ya kumficha mwanafunzi.

Ombi langu ni kwa masheikh, mapadri, wachungaji na walimu wa baiolojia wa manispaa hii: msimpe mtoto aya kama jibu la mtihani, wala msimpe nadharia kama sababu ya kusali. Akiulizwa umri wa ziwa, aandike miaka milioni 9 hadi 12 kwa bonde la kati, aeleze ulivyopimwa na unavyopingwa, kisha awahi ibada yake.