Je, Wajua? Makosa ya Kitabu, Makosa ya Mtandao

Je, wajua kwamba kamusi kubwa ya Marekani iliwahi kuchapa neno ambalo hakuna mtu aliyewahi kulitamka? Mwaka 1931 mhariri wa kemia wa kamusi ya Webster aliandika kikaratasi chenye "D or d", maana yake herufi D, kubwa au ndogo, ni kifupisho cha densiti. Kikaratasi kikachanganyika na vya maneno ya kawaida, herufi zikaunganishwa, na mwaka 1934 kamusi ikatoka na neno "dord". Lilikaa humo miaka mitano kabla mhariri mwingine hajashtuka kwamba halina asili yoyote. Chapa za baadaye zililiondoa. Nakala zilizokwisha kuuzwa hazikuweza kufuatwa nyumba kwa nyumba, hivyo anayemiliki chapa ya 1934 bado analo.

Je, wajua kwamba Wikipedia nayo ilihifadhi vita ambavyo havikupiganwa? Makala moja ya Kiingereza ilisimulia mapambano ya Wareno na Wamaratha huko Bicholim, Goa, mwaka 1640 hadi 1641, pamoja na orodha ya vitabu vya rejea. Ilikuwa uzushi mtupu. Ilidumu tangu 2007 hadi mwisho wa 2012, tena ikiwa imepewa alama ya makala nzuri. Ila siku ilipofutwa, ilifutika kwa wasomaji wote kwa mpigo mmoja, jambo ambalo wahariri wa Webster hawakuliweza.

Je, wajua kwamba pande hizi mbili ziliwahi kupimwa pamoja? Mwaka 2005 jarida la Nature liliwapa wataalamu makala za sayansi kutoka Wikipedia na Encyclopaedia Britannica bila kuwaambia ipi imetoka wapi. Katika jozi 42 zilizohakikiwa, Wikipedia ilikutwa na makosa 162, Britannica 123. Makosa mazito yalikuwa manane: manne huku, manne kule. Britannica ilipinga vikali, Nature likakataa kuufuta utafiti wake. Wengi hulikumbuka jaribio hilo kwa kuisifu Wikipedia. Mimi naiona zaidi ile 123, kwa sababu ndiyo inayotukumbusha kwamba ensaiklopidia yenye wahariri wa mshahara na jina la karne mbili nayo haiaminiwi kwa kufumba macho.

Hiyo Britannica ilianza Edinburgh mwaka 1768, na mwaka 2012 ikatangaza kwamba haitachapwa tena. Chapa yake ya mwisho, ya 2010, ilikuwa na juzuu 32 na bei ya dola 1,395. Leo inasomwa mtandaoni.

Je, wajua kwamba mtandao unasahau haraka kuliko karatasi? Kituo cha utafiti cha Pew kilichunguza kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013. Kufikia mwishoni mwa 2023, asilimia 38 hazikufunguka tena. Nani atazitafuta? Watafiti wa Harvard walipopitia hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani, waligundua kwamba karibu nusu ya viungo vya mtandao vilivyotajwa humo havimfikishi msomaji kwenye maelezo ambayo majaji waliyasoma. Hebu fikiria uzito wake. Hukumu ya mahakama ile inaongoza kesi za miongo ijayo, na wakili anayetaka kujua majaji walitegemea ushahidi gani anakuta ukurasa mtupu. Kwa kitabu, jaji angetaja jina, mwaka na ukurasa, na wakili angekwenda rafuni.

Hata tovuti ya kwanza duniani haikuokolewa yote. Tim Berners-Lee aliitengeneza CERN, na nakala ya zamani kabisa ambayo CERN iliweza kuirudisha ni ya mwaka 1992. Sura yake ya mwanzoni haipo. Kwa upande wa karatasi, Biblia ya Gutenberg ilichapwa kama nakala 180 hivi, karibu mwaka 1455. Takriban 49 zingalipo, nyingine zikiwa pungufu.

Lakini karatasi nayo hufa. Tangu katikati ya karne ya 19 vitabu vingi vilichapwa kwenye karatasi ya rojo la mti, yenye asidi inayoila yenyewe taratibu hadi ikawa ya manjano na kuvunjika mkononi. Pwani yetu huongeza unyevu, ukungu na mchwa.

Je, wajua kwamba kitabu cha kielektroniki ulichonunua kinaweza kuondolewa kwako usiku? Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell ndani ya vifaa vya Kindle vya wateja, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa. Kimoja kati ya hivyo viwili kilitafsiriwa kwa Kiswahili na Fortunatus Kawegere mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Mwenye nakala hiyo ya karatasi hawezi kuingiliwa hivyo na muuzaji yeyote.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Bando lililolipiwa halikusaidia kitu. Ipo programu ya bure iitwayo Kiwix ambayo hupakua Wikipedia nzima ikasomwa bila mtandao. Shule zenye kompyuta chache zingenufaika nayo sana.

Je, wajua kwamba akili husoma tofauti? Uchambuzi wa mwaka 2018 uliounganisha tafiti 54, zenye washiriki zaidi ya 170,000, ulionyesha kwamba wanaosoma kwenye karatasi huelewa vizuri kidogo kuliko wanaosoma kwenye kioo, hasa muda ukiwa mfupi na maandishi yakiwa ya maarifa. Kwa hadithi, tofauti haikuonekana. Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa biolojia na azingatie hilo.

Na hili ndilo linaloniuma. Desturi za Waswahili, kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake iliyotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, leo inasomeka bure kwenye simu, kwa kuwa maktaba za ng'ambo ziliipiga picha. Vitabu vingi vya Kiswahili vya miaka ya 1960 na 1970, vya East African Publishing House ya Nairobi au Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, havimo dukani wala mtandaoni. Mwanafunzi akitafuta kwa simu asipate kitu, anadhani hakikuandikwa kitu. Sheria inawataka wachapishaji wa Tanzania wapeleke nakala kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na Maktaba Kuu ya Taifa aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967 ingali pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ukienda, muulize mkutubi akuonyeshe mkusanyiko wa vitabu vya Afrika Mashariki, kisha umtajie jina la mwandishi ambaye simu yako haimjui.