Vumbi la Santuri na Jasho la Mpiga Ngoma

Mdundo wa hip hop unaosifiwa kwa mkwaruzo na uzito wake ulizaliwa na uhaba. Mashine ya SP-1200, iliyotolewa huko Marekani mwaka 1987, iliweza kuhifadhi sauti za sekunde 10 tu kwa jumla. Ili kubana nafasi hiyo, mafundi wa New York walipiga santuri ya mizunguko 33 kwa kasi ya mizunguko 45, wakainasa sauti, kisha wakaipunguza mwendo ndani ya mashine. Sauti ikarudi nzito, yenye vumbi. Dosari ikageuka pambo.

Hata hivyo, kila sauti inayonaswa ina mwenyewe. Mwaka 1969 Gregory Coleman, wa kundi la The Winstons, alipiga ngoma peke yake kwa sekunde zipatazo 6 katika wimbo "Amen, Brother". Kipande hicho kimetumiwa katika maelfu ya nyimbo, naye akafariki mwaka 2006 bila ya kulipwa mrabaha wa matumizi hayo.

Wahenga walinena, mcheza kwao hutunzwa. Coleman aliuchezesha ulimwengu asitunzwe. Yampasa kila achotaye sauti ya mwenziwe amtaje, na amlipe angali hai.