Satie, Piano na Mapigo ya Moyo

Mtu anayetafuta muziki wa kumtuliza jioni huambiwa asikilize klasiki ya Ulaya, kana kwamba jina hilo peke yake ni dawa. Lakini Sonata ya Mbalamwezi ya Beethoven, iliyotungwa mwaka 1801, huanza polepole na kuishia kwa kasi na vishindo vya kumkurupusha aliyekwisha kusinzia. Kinachotuliza ni mpangilio wa sauti, si hadhi ya mtunzi. Kwa kigezo hicho, msikilizaji wa kawaida aanze na Gymnopédie Na. 1, kipande kifupi cha piano alichotunga Mfaransa Erik Satie mwaka 1888.

Mwaka 2006 jarida la kitabibu la Heart lilichapisha utafiti uliowapima watu 24, nusu yao wanamuziki, wakisikiliza mitindo sita ya muziki. Muziki ulipokwenda mbio, pumzi, mapigo ya moyo na presha vilipanda. Kilipowekwa kimya cha dakika mbili, vilishuka hata chini ya pale vilipoanzia. Kilichoamua zaidi kilikuwa mwendo, si mtindo ambao mtu anaupenda. Sasa tazama kazi ya Satie: mkono wa kushoto hupiga noti moja nzito kwenye pigo la kwanza, kisha noti kadhaa kwa pamoja kwenye pigo la pili, zikaachwa zilie zenyewe. Mzunguko huo hupita mara nne kabla ya mkono wa kulia kuingia na wimbo, na hata hapo hulisubiri pigo la pili. Kwa kuwa sauti ya piano huanza kufifia mara tu nyundo inapougonga waya, mwendo huu wa taratibu huacha upenyo wa ukimya kati ya noti na noti. Sikio hulijua pigo linalofuata, na hakuna kishindo cha kulishtua.

Wapo watakaosema kwamba Satie mwenyewe aliagiza kipigwe polepole na kwa uchungu, basi kitaleta huzuni. Huenda, ila huzuni ya taratibu haiukimbizi moyo. Pingamizi zito zaidi ni la mazoea: aliyelelewa na taarabu ataona piano hii baridi, na muziki unaomkera mtu hauwezi kumpumzisha. Huyo atafute udi unaopigwa kwa utulivu uleule, kwani hoja ni mwendo, si Ufaransa. Pia tusikuze mambo. Mwaka 1993 wanafunzi 36 walisikiliza Mozart kwa dakika 10, wakafanya vizuri zaidi katika majaribio ya kufikiri kwa maumbo; nafuu hiyo haikuzidi robo saa, lakini wafanyabiashara waliigeuza kuwa ahadi ya kuongeza akili za watoto. Satie hatibu presha. Anachoweza kutoa ni dakika tatu hivi za mwili kupunguza kasi, na kama utafiti ule wa 2006 una funzo, sauti iwe ya chini na simu izimwe kabla programu haijarukia wimbo mwingine, maana kimya kinachofuata nacho ni sehemu ya utulivu.