Nani Anatuuma Usiku?

Mtoto anaamka asubuhi ana vipele vyekundu mkononi na shingoni. Chandarua kilichomekwa vizuri, mbu hakusikika, na shuka zilifuliwa Jumamosi. Siku ya tatu baba naye anajikuna. Hapo ndipo maneno huanza nyumbani. Mama mkwe anasema ni chakula, jirani ananong'ona kwamba ni mkono wa mtu, na mara nyingi lawama huishia kwa msichana wa kazi, eti ndiye aliyeleta uchafu kutoka kwao.

Sisi tunawashauri akina mama washike tochi kabla ya kumlaumu mtu yeyote. Kuiombea nyumba ni jambo jema, wala hatumkatazi mtu. Lakini mdudu aliyejificha kwenye pindo la godoro hana budi kutafutwa kwenye pindo la godoro.

Anza na kitanda

Mshukiwa wa kwanza ni kunguni. Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 hivi, ni bapa, wa rangi ya kahawia, na akishashiba damu hufura na kuwa mwekundu. Hunyonya kwa dakika chache tu, kisha hurudi mafichoni. Ndiyo maana ukiwasha taa ghafla huenda usione kitu. Alama zake huwa kwenye sehemu zisizofunikwa, yaani mikono, shingo na uso, na mara nyingi hufuatana kwa mstari au hukaa kwa kundi.

Tochi yako ipeleke kwenye mapindo ya godoro, viungo vya kitanda, matundu ya misumari na nyufa za ukuta ulio karibu. Usisahau mikunjo ya chandarua. Tafuta vitone vyeusi kama vya wino, ambavyo ni kinyesi chao, na maganda mepesi waliyoyavua. Saa nzuri ya kutafuta ni kabla ya alfajiri.

Jambo moja huleta ugomvi usio na sababu. Miili haifanani. Mke anaweza kuvimba mkono mzima na mume aliyelala pembeni yake asiwe na alama hata moja, ingawa wote wameumwa. Basi mume asimwambie mwenzake kwamba anawaza tu.

Tena kunguni si ushahidi kwamba mama ni mchafu. Huja na kitanda kilichonunuliwa kwa mtu, sanduku la mwanafunzi wa bweni, au mkoba uliosafiri kwa basi. Nyumba inayokaribisha wageni wa semina za kanisa iko hatarini kuliko ile isiyokaribisha mtu. Afadhali wageni waendelee kuja, na tochi ifanye kazi. Kunguni hajulikani kueneza ugonjwa majumbani, lakini usingizi wa familia anauiba kweli.

Kuanika godoro juani husaidia kidogo tu, maana wadudu huhamia upande wenye kivuli. Joto kali ndilo linalowaua. Mwaga maji yanayochemka kwenye viungo vya kitanda cha mbao au chuma, fua shuka kwa maji ya moto sana, na pindo za nguo zipigwe pasi. Rudia baada ya siku 10 hadi 14, kwa kuwa mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa. Usimwagie godoro mafuta ya taa, wala usinyunyize dawa ya mazao shambani. Mtoto atalala hapo na kuivuta puani.

Miguuni na sakafuni

Vipele vikiwa vingi kwenye vifundo vya miguu, fikiria viroboto. Vaa soksi nyeupe ndefu, tembea polepole chumbani, kisha angalia kama kuna vidudu vyeusi vinavyorukaruka juu yake. Kama mna paka au mbwa, chanzo huenda ni huyo, na mahali anapolala pasafishwe kila wiki. Nyumba iliyokaa bila watu nayo huwa na viroboto waliosubiri ndani ya vifuko vyao. Wapangaji wapya wakiingia, huibuka kwa pamoja.

Viroboto wa panya si wa kuchezea. Wilayani Lushoto, mkoani Tanga, tauni ilizuka mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa miaka mingi. Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu.

Katika nyumba za udongo, hasa mikoa ya kati ya Tanzania kama Dodoma, yuko papasi. Anafanana na kifuko cha ngozi kilichokunjamana, hukaa kwenye nyufa za sakafu na kuta, na kuumwa kwake mara nyingi hakusikiki. Homa ya papasi hushika siku chache, huacha, kisha hurudi baada ya wiki moja hivi, na wengi hudhani ni malaria. Mama mjamzito mwenye homa ya namna hiyo awahi hospitali na ataje kwamba analala kwenye nyumba yenye papasi, kwa maana homa hii huweza kutoa mimba. Dawa yake ipo. Nyumbani, lala kitandani mbali na ukuta, na nyufa zizibwe.

Pengine si kitanda kabisa

Kama umetafuta usione kitu, angalia katikati ya vidole, viwiko, kwapa na kiunoni. Mwasho unaozidi usiku sehemu hizo ni dalili ya upele, na kidudu chake huchimba ndani ya ngozi, hakionekani kwa macho ya kawaida. Vidonda vya kujikuna vikiingia vijidudu, figo za mtoto zaweza kudhurika. Usingoje.

Kituo cha afya watakupa dawa ya kupaka, kama BBE, na ya watoto huchanganywa na maji kwa kipimo watakachokueleza. Hapa ndipo familia nyingi hushindwa. Hupakwa mtoto anayelia tu, na wiki ya pili upele umerudi. Wote wanaolala nyumbani wapake usiku uleule, hata asiyejikuna, kwa kuwa mwasho wa mara ya kwanza huchukua wiki 4 hadi 6 kuanza. Msichana wa kazi naye apake, na dawa yake inunuliwe na nyumba, isikatwe kwenye mshahara wake.