Swali la Pili: Utafiti wa Masuala ya Dunia Waanzia Ruiru na Thika

Kila mwaka vijana wa Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu hupanda basi kuelekea bara kusoma. Baadhi yao huishia kwenye barabara ya Thika: Chuo Kikuu cha Zetech kule Ruiru, Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika, au JKUAT pale Juja, katikati ya miji hiyo miwili. Huko hufundishwa masuala ya dunia, kama vile tabianchi, biashara, uhamaji na ukuaji wa miji. Wengi huyaona kama mambo ya Geneva na New York, kumbe yako nje ya dirisha la darasa. Na ustadi unaohitajika kuyaelewa, ule ambao mtaala wetu unauita uwazaji kina, wajifunzwa papo hapo.

Tuanze na nambari. Mwanafunzi anayeandika juu ya ukuaji wa miji akitafuta kwenye intaneti idadi ya wakazi wa Ruiru katika sensa ya 2019, ataona mahali pamoja 490,120 na pengine 371,111. Nani mwongo? Hakuna. Nambari zote mbili ni za Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS). Ya kwanza ni ya mji, ya pili ni ya kaunti ndogo, na mipaka yake hailingani. Mwaka 2009 mji huo ulihesabiwa watu 238,858. Ukilinganisha mji na mji, idadi imezidi maradufu. Ukichanganya mji na kaunti ndogo, utadai imeongezeka kwa zaidi ya nusu tu. Kabla ya kunukuu, basi, uliza: nani alihesabu, alihesabu nini, na mpaka wake ulikuwa wapi?

La pili ni sababu. Ruiru ina kituo cha utafiti wa kahawa kinachojulikana mbali. Hapo ndipo ilipotoka mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima 1985 ili kuhimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Hata hivyo, Kenya iliyovuna karibu tani 130,000 za kahawa msimu wa 1987/88, miaka ya karibuni haifikishi hata nusu ya hizo. Kwa nini? Mwanafunzi mwenye haraka ataandika "mabadiliko ya tabianchi" na kufunga daftari. Hajakosea kuitaja hali ya hewa, lakini hajauliza swali la pili: ni nini kingine kilibadilika? Julai 1989 mfumo wa mgao chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka duniani. Ukienda Ruiru na Thika leo utaona pia nyumba za kupangisha palipokuwa na mibuni. Kila sababu ina dawa yake. Ukikosea sababu, utampa mkulima mbegu mpya ilhali kilichomtoa shambani ni bei.

La tatu ni chanzo. Sisi husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Barazani yatosha, lakini katika utafiti neno lililosambaa kwenye makundi ya simu, au lililoandikwa vizuri na programu ya akili unde, halijawa ushahidi. Rudi kwenye waraka wenyewe: ripoti ya sensa, sheria, hukumu. Halafu tafuta mtu mmoja makini anayepinga wazo lako, usome hoja yake hadi uweze kuieleza vizuri kama yeye.

Kwa nini haya yatuhusu watu wa Pwani? Kumbukeni Lamu. Mradi wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe ulikuja na ripoti nene ya athari kwa mazingira, na NEMA ikautolea leseni. Wakazi hawakutosheka kuambiwa kuwa wataalamu wameshasema. Waliuliza ni nani aliyeshirikishwa, na tabianchi imezingatiwa wapi. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilifuta leseni hiyo, likisema ushirikishwaji wa umma haukutosha na suala la tabianchi halikushughulikiwa ipasavyo. Makelele peke yake yasingefika huko. Ilibidi ripoti isomwe na mapengo yake yaonyeshwe.

Ripoti za namna hiyo zitaendelea kuja, za bandari, uvuvi, madini na ardhi, na nyingi zitaandikwa kwa lugha ngumu. Tutahitaji watu wetu wa kuzisoma. Kwa hiyo mzazi, mwanao akirudi likizo, usimuulize alama tu. Mwambie akueleze jambo moja alilojifunza, kisha muulize amelijuaje. Akisita, msimcheke. Mpe muda akatafute.